Bi Arusi Mwenye Mkia Juu

Hodi hodi! Ngano iko mlangoni!

Karibu, ipite ndani!

Imekuja kwa miguu mingapi?

Minne!

Isogezeeni mkeka basi.

Imeshakaa, sema!

Haya. Zama za zamani, zamani hasa, kabla mbwa hajaujua mlango wa binadamu, mbwa na fisi walikuwa wakitembeleana, wakiombana moto, wakioana. Ndiyo, wakioana! Msinitazame hivyo. Nawaambia nilivyoambiwa.

Palikuwa na binti mbwa, jina lake Sikudhani. Akikaa juu ya Kilima cha Mawe na mama yake, Bi Pili, na wadogo zake saba, wachanga hasa, hata macho bado hawajafumbua vizuri.

Mwaka huo mvua ikagoma. Swala wakahama. Sungura wakahama. Panya nao wakafunga vijimizigo vyao wakahama. Pale kilimani wakawa wanakula panzi. Wakala panzi, wakala panzi, panzi wakaisha.

Ndipo akaja Makame. Makame ni fisi, kijana mpole, anatoka kule bondeni. Kwa fisi mwenye sauti ni mwanamke. Mwanamume anakula wa mwisho, watoto wakishashiba. Basi kwao Makame hapana fisi jike aliyemtaka. Akapanda kilima akapiga hodi.

"Bi Pili, nimekuja kuomba binti."

"Umekuja na nini?"

"Mimi mwenyewe kama unavyoniona. Lakini mama yangu ndiye Bi Kidawa, na bonde zima linakula kwa amri yake. Kasema hivi: maadamu Sikudhani yumo nyumbani kwetu, kila Ijumaa paja moja la nyama litapanda huku kilimani. Siku akirudi kwenu, na paja ndiyo basi."

Bi Pili akawatazama wale saba. Akamtazama Sikudhani. Sikudhani hakungoja kuulizwa.

"Nitakwenda, mama."

Sasa, mwali haendi kwa mume hivihivi kama mzigo wa kuni. Hufundwa. Akaitwa somo. Na somo wa kilima kizima alikuwa Bi Tabu, mbweha mkongwe, kashawafunda mabinti hata hesabu kaipoteza. Bi Tabu akajifungia naye siku tatu.

"Mwanangu," akamwambia, "ukweni mtu hutazamwa kabla hajasikilizwa. Usiingie umenuna. Usiingie umeinama kama mwizi. Mkia juu! Tena uutikise, wakuone umefurahi. Kichwa juu, mkia juu, meno nje kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia, somo."

"Hebu tikisa."

Akatikisa.

"Hapo sawa. Nenda, hutaniaibisha."

Bi Tabu alikuwa hodari, simwondolei lake. Lakini maisha yake yote kawafunda mbwa na mbweha. Bondeni kwa fisi hajawahi kutia hata ukucha.

Siku ya siku ikafika. Makame mbele, Sikudhani nyuma na kifurushi chake mdomoni, mpaka bondeni. Ukoo mzima umejipanga. Na juu ya kichuguu kikubwa kuliko vyote kakaa Bi Kidawa. Loo! Mwanamke mwili huo! Shingo kama gogo, jicho halipepesi. Akikutazama unakumbuka makosa uliyofanya ukiwa mtoto.

Sikudhani akamtazama mama mkwe. Moyoni akawaza: huyu ndiye atakayewalisha mama na wale saba. Furaha ikamjaa, furaha ya kweli, wala si ya kufundishwa. Mkia juu! Fya, fya, fya, fya!

"Shikamoo, mama!"

Kimya.

Kimya hicho, ungesikia sisimizi akipiga chafya.

Fisi wote wakafyata mikia. Masikio wakayalaza. Watoto wakajificha chini ya matumbo ya mama zao. Mmoja tu ndiye aliyetoa sauti, mdogo wake Bi Kidawa, jina lake Mize. Huyo alicheka. "Hii-hi-hi-hi-hi!"

Sikudhani akasema moyoni, angalau huyu mmoja kanifurahia. Mkia ukazidi.

Bi Kidawa akashuka kichuguuni. Taratibu. Akamshika sikio kwa jino, akalitoboa.

"Mtoto wa watu, hujaonja hata maji ya nyumba hii, unataka kiti changu?"

"Kiti? Mama, mimi nimekuja kuolewa tu!"

"Shusha!"

Sikudhani akashusha kifurushi.

"Shusha!"

Akashusha kichwa.

"Nimesema shusha!"

Maskini, hakujua ashushe nini tena, akakaa kitako. Alipokaa, mkia ukaenda chini. Bonde zima likapumua.

"Hiyo ya kwanza," akasema Bi Kidawa. "Mimi navumilia mbili. Ya tatu unarudi kwenu, na paja linabaki kwetu."

Mchana huo, bwana arusi na bi arusi wamejilaza kwenye kivuli cha mchongoma, Sikudhani analamba damu ya sikio.

"Makame, nimefanya nini mimi?"

"Umeinua mkia!"

"Sasa?"

"Sasa? Mkia juu ni wa mkubwa! Mkubwa huinua, mdogo hufyata. Ukimwinulia Bi Kidawa mkia umemwambia, shuka hapo nikae mimi. Nani asiyejua hilo?"

"Kwetu hatujui. Kwetu ni furaha."

Makame akamtazama kama kaambiwa kuna nchi watu hula kwa masikio.

"Na yule mama mdogo Mize, mbona yeye alinichekea vizuri?"

"Hakukuchekea. Huku hatucheki tukifurahi. Tunacheka tukiogopa. Akikupita mkubwa, unafyata, unalaza masikio, unacheka. Ndiyo adabu."

"Na mkifurahi je, mnafanya nini?"

Makame akafikiri. "Tunakula," akasema.

Basi Sikudhani akaanza kujifunza upya, na mafunzo ya somo akayaweka kando. Kufyata akakuweza. Kulaza masikio akakuweza. Kucheka kukamshinda, akijaribu anatoka na kubweka. Lakini kazi hasa ilikuwa ule mkia. Mkia wa mbwa hauna subira. Moyo ukifurahi, wenyewe ushajua. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anauimbia:

*Mkia lala, mkia tulia,*
*paja la mama litapotea.*
*Mkia lala, mkia tulia,*
*saba wadogo watanililia.*

Mkia unasikia, unalala.

Ikafika Ijumaa. Bi Kidawa akatoa amri, "Mpeni Makame paja." Makame akalitwaa paja la pundamilia, zito, akalishika kwa meno, akashika njia ya kilimani. Sikudhani kasimama anamtazama mume wake anavyopanda, anayumba huku anayumba kule, paja linaburuta vumbi. Moyoni akamwona mama yake anavyolipokea. Akawaona wale saba.

Alitaka kuimba. Hakuwahi. Fya, fya, fya, fya! Kageuka nyuma, mkia uko juu unapepea, na Bi Kidawa kasimama hapo hapo.

"Mama, si mimi, ni mkia..."

"Ya pili."

Sikio la pili likatobolewa. Akateremshwa chini kuliko wote. Watoto wakishiba ale Makame, Makame akishiba ndipo ale Sikudhani. Na Makame, nimekwambieni, anakuta mifupa. Sasa aliyekuja baada ya Makame alikuwa anakuta kivuli cha mfupa.

Sikudhani hakulalamika. Paja si limekwenda? Akatafuta ukili, akausokota kamba, akaufunga mkia wake kwenye mguu wa nyuma. Kaza, fundo juu ya fundo. Akawa anatembea anachechemea. Mkia kweli ukakaa. Lakini furaha, nyie, haifungwi kamba! Ukiizuia huku inatokea kule. Ijumaa ya pili paja linaondoka, mkia kimya, kiuno ndiyo kikaanza. Kushoto, kulia, kushoto, kulia!

Bi Kidawa akauliza, "Huyu mtoto anacheza ngoma gani?"

"Viroboto, mama," Makame akadakia. Mara yake ya kwanza kusema jambo la maana mbele ya mama yake.

Sasa tumseme huyu Mize. Mize, kama nilivyosema, ni mdogo wake Bi Kidawa, tumbo moja. Na bonde zima lilikuwa linasema, ukitaka kuona adabu mtazame Mize. Wenziwe wanafyata mkia, yeye mkia umegusa tumbo. Wenziwe wanainama, yeye anatambaa. Wenziwe wanacheka mara moja, yeye anacheka mpaka machozi. "Hii-hi-hi, dada yangu kapita! Hii-hi-hi, dada yangu kakohoa!" Na Bi Kidawa alipenda, kwa nini asipende? Kila mnyama akichinjwa ini ni la Mize.

Ila Mize alikuwa na jambo moja. Kila asubuhi kabla ya watu kuamka anakwenda dimbwini, anajipaka tope mgongo mzima, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Ukimuuliza, anasema, "Inzi, mwenzangu. Inzi wa hapa wananisumbua."

Siku moja Sikudhani kakaa dimbwini anakunywa maji. Mize kaingia majini kuoga, tope la jana limetoka, la leo hajapaka. Na Bi Kidawa akapita juu ya ukingo kwenda zake.

Mize akafyata. Mize akalaza masikio. Mize akacheka. "Hii-hi-hi, dada yangu huyo!"

Lakini mgongoni! Manyoya yamesimama wima, shingoni mpaka kiunoni, kama ufagio. Wala hayakulala mpaka Bi Kidawa alipopotelea mbali. Kisha Mize akachota tope upesi upesi, akajipaka.

Sikudhani akaacha kunywa. Alikuwa ni mgeni wa mikia ya kule, kweli, lakini manyoya ya mgongo mbwa wote wanayajua. Mkia ukijitahidi utakutii. Masikio utayalaza. Manyoya ya mgongo hayapokei amri ya mtu. Yakisimama hivyo, hapo kuna kuumana.

Akamwendea mumewe. "Makame, mama mdogo anamchukia mama."

"Nani? Mize?" Makame akatazama huku na huku. "Mize ana mkia wa chini kuliko wote hapa!"

"Manyoya yake yanasimama."

"Ndiyo nini hiyo?"

Sikudhani akaona maneno hayo hayafai kukaa nayo. Akajikaza, akamwendea Bi Kidawa mwenyewe, amefyata, ametambaa, tumbo linakwaruza mchanga.

"Mama, naomba kusema. Mama mdogo Mize si mwema kwako."

Bi Kidawa hata hakushuka. "Wewe umekitaka kiti changu mara mbili. Leo unakuja kumsema ambaye hajainua mkia tangu azaliwe?"

"Mama, mgongo wake..."

"Toka mbele yangu! Na ukifungua tena mdomo kumtaja mdogo wangu, hiyo itakuwa ni ya tatu bila hata mkia."

Akatoka. Angefanyaje?

Siku zikapita. Asubuhi moja Mize huyo, anatambaa, anacheka, macho yanamtiririka.

"Dada, dada yangu, hii-hi-hi! Kwenye mto mkavu kafa pofu, yule mnyama wa pembe, mkubwa kama ng'ombe. Mnene, dada, mafuta yanang'aa! Hajaguswa. Nimekuja kwako kwanza, maana nani kama wewe?"

Bi Kidawa akanyanyuka. Watu wakajipanga kama desturi. Mize mbele anaonyesha njia, Bi Kidawa nyuma yake, kisha mabinti wakubwa, kisha wadogo, kisha watoto, kisha wanaume, kisha Makame, na mwisho kabisa Sikudhani, anachechemea na kamba yake.

Wakateremka mtoni. Upepo unawapiga mgongoni, hapana pua iliyopata kitu. Na kweli, kule mbele juu ya mchanga, pofu kalala. Mnene vilevile. Fisi wote macho kwa pofu, mate yanadondoka.

Sikudhani hakumtazama pofu. Alikuwa anamtazama Mize.

Mize mate hayamdondoki. Tope la mgongoni limekauka limepasuka, na katikati ya nyufa manyoya yamechomoza. Na masikio, nyie! Pofu yuko mbele, masikio ya Mize yamegeuka kushoto. Kwenye majani marefu. Anapiga hatua, sikio kushoto. Anapiga hatua, sikio kushoto. Mtu anakwenda kula nyama iliyo mbele yake, anasikiliza nini kwenye majani?

Sikudhani akajua mle mna kitu. Kitu gani hakujua.

Apige kelele? Kashaambiwa asifungue mdomo, na nani atamwamini? Amvute Makame? Makame yeye mwenyewe ni wa kuvutwa. Palikuwa na jambo moja tu duniani la kumsimamisha Bi Kidawa njiani, naye alilijua.

Na angeweza kunyamaza. Msiseme hakuweza. Yuko mwisho wa msafara, hakuna ambaye angemwuliza. Kesho ilikuwa Ijumaa. Kwa kunyamaza tu, paja lingepanda kilimani. Akawaona wale saba, mmoja mmoja.

Kisha akamwona Bi Kidawa, shingo ile kama gogo, anakwenda nayo kwenye majani.

Akaikata kamba kwa meno. Akatoka mbio, akampita Makame, akawapita wanaume, akawapita mabinti wakubwa, jambo ambalo halijatendeka tangu bonde liumbwe. Akaruka mbele ya Bi Kidawa. Akageuka, akamkabili uso kwa uso.

Hakuimba. Akauambia mkia wake, "Inuka."

Mkia ukasimama kama mchi. Hautikisiki. Manyoya juu, meno nje, anamngurumia mama mkwe wake mbele ya ukoo mzima.

Bi Kidawa akasimama. Bonde zima likasimama.

"Ya tatu," akasema Bi Kidawa. Sauti ya chini, mbaya zaidi kuliko ya juu. "Na ya leo sitoboi sikio."

Kwenye yale majani alikuwamo Simba. Yeye na Mize walishapatana zamani. Yule pofu Simba ndiye aliyemwua, kamweka pale kama chambo. Simba ampunguzie Mize dada, Mize achukue kichuguu, Simba apate njia ya kupita bondeni bila kusumbuliwa. Simba katulia, anahesabu hatua. Zimebaki kumi. Zimebaki nane. Mara chakula kikasimama, kikaanza kugombana!

Akangoja. Njaa ikamshinda. Akaruka akiwa bado mbali.

Vumbi! Kelele! Bi Kidawa aliposikia majani yanapasuka alikuwa ashajivuta nyuma kumkabili Sikudhani, na Simba akaangukia mchanga mtupu. Fisi wakatawanyika, hii-hi-hi-hi kila upande, na safari hii hapana aliyekuwa anafanya adabu. Sikudhani akamsukuma mama mkwe wake kwa kichwa mpaka ng'ambo ya korongo.

Mmoja tu hakukimbia. Vumbi limetanda, haonekani mtu, Mize akadhani kazi imekwisha. Akaparamia juu ya yule pofu. Na mkia ule, mkia uliokuwa haujaonja hewa tangu uzaliwe, ukapanda! Juuu!

"Bonde ni langu!" akapiga kelele. "Nifyatieni! Wote, nifyatieni!"

Vumbi likatua.

Ng'ambo ya korongo kasimama Bi Kidawa, mzima, anamtazama mdogo wake. Anautazama ule mkia. Na nyuma ya Mize kasimama Simba, tumbo tupu.

"Bwana Simba," Mize akasema, "sisi tulipatana."

"Tulipatana nile fisi," akasema Simba.

Nyaku! Mize akachomoka, na mbio alizopiga siku ile hajapiga fisi mwingine. Mwenyewe akapona. Mkia ukabaki mdomoni mwa Simba.

Alasiri wakakusanyika kichuguuni. Bi Kidawa juu, watu wamejipanga. Sikudhani kashafunga kifurushi chake. Kakiweka miguuni, anangoja aambiwe nenda. Analia taratibu. Halilii bonde. Analilia Ijumaa.

Akasimama binti mkubwa wa Bi Kidawa. "Mama, huyu katuokoa, tumeona. Lakini ulisema mbili, na ya tatu anarudi kwao. Tulisikia wote. Ukiirudisha kauli yako leo, kesho nani atafyata?"

Watu wakanung'unika. Kweli, kweli, kasema.

Bi Kidawa akamwuliza Sikudhani, "Pale mtoni uliona nini?"

"Masikio ya mama mdogo. Nyama mbele, masikio kushoto."

"Na siku ile ya kwanza. Ulipoingia hapa, ukaniinulia mkia. Ulikuwa unaniambia nini?"

Tangu Sikudhani afike, hapana mtu wa nyumba ile aliyemwuliza swali hilo. Wote walikuwa wanajua tayari.

"Furaha, mama. Nilifurahi kukuona."

"Kuniona mimi?"

"Wewe, mama."

Bi Kidawa akawatazama watu wake, mstari mzima, mikia chini, masikio yamelala.

"Hawa wote wananichekea," akasema. "Tangu nipande hapa wananichekea. Na kucheka kwetu mnakujua ni nini. Kufurahi kuniona, hilo hajawahi kuniambia mtu."

Mikia ikazidi kushuka.

"Haya," akasema Bi Kidawa. "Sheria ni sheria, siirudishi. Mkia juu ni wa mkubwa. Ndivyo si ndivyo?"

"Ndivyo!"

"Pale mtoni, aliyekuwa anajua tunakwenda wapi ni nani? Mimi? Mimi nilikuwa nalifuata tumbo langu kwenda kuliwa. Aliyejua ni huyu. Basi kwa muda ule mkubwa alikuwa yeye, na mkubwa kuinua mkia wake ni haki yake. Ya tatu haipo."

Kisha akashuka kichuguuni. Mwili wote ule! Akaja mbele ya Sikudhani, akalaza masikio, akafyata mkia katikati ya miguu. Akacheka. Mara moja, kidogo sana, kama mtoto. "Hii."

Ukoo mzima, hakuna aliyengoja kuambiwa, ukafyata.

Jamani, Sikudhani hakuweza kuvumilia! Mama mkwe kumfyatia yeye? Akajibwaga chini, akageuka chali, tumbo juu, miguu yote minne imeelekea mbinguni, shingo kainyoosha wazi.

Fisi wakaruka nyuma. "Amekufa!" "Hapana, anatutukana!" "Anataka kutupiga mateke!" Binti mkubwa akatoa meno. Bi Kidawa naye mguu wa mbele ushanyanyuka, kwa mazoea, wa kumkanyaga.

Mguu ukakaa hewani.

Akauteremsha chini, polepole, akainama karibu na sikio lililotoboka.

"Mwanangu," akasema, "na hiyo nayo, kwenu ni nini?"

Sikudhani akamwambia, kwao ni kusema niko chini yako wala sikuogopi. Wakakaa pale mpaka jua likazama, huyu anaeleza ya kwao, huyu anaeleza ya kwao. Na Ijumaa Makame alipanda kilima na mapaja mawili, akirudi amelala njiani mara tatu kwa uchovu.

Mize naye alirudi baada ya siku nyingi. Akaja anatambaa, anacheka, anataka kuomba radhi. Watu wakamtazama nyuma wajue anasema nini. Nyuma hapana kitu. Hajafyata, hajainua. Hakuna aliyejua kama anaomba au anadai. Akacheka mpaka akachoka, akaenda zake.

Sasa nyinyi mnaocheka, funzo hili hapa. Mtu akija kwako kakukazia macho, au kainamisha uso, au kacheka pasipochekwa, usimhukumu kwa desturi za kwenu. Muulize kwao ile ina maana gani. Kuuliza hakukupunguzii kitu. Na wewe uliyejaliwa kukaa juu, usihesabu migongo iliyokuinamia ukadhani umehesabu mioyo. Anayeinama kupita wote, huyo mtazame mara mbili.

Ngano yangu imekata pumzi hapo. Aliyesikia akamsimulie jirani, aliyesinzia akanawe uso!

Tumesikia, tutasimulia!